Kinachotoka Tumboni Si Maji Tu

SEHEMU YA 1: Gauni la sendofu

Watoto wameshakula? Haya, mlaze huyo mdogo, vuta kiti, tuongee. Hii ni ndefu kidogo, ndo maana nimeigawa sehemu nne. Nimekaa nayo muda mrefu kwa sababu ya aibu. Mi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, na haya ninayokusimulia niliyafanya nikiwa nayajua.

Mwanangu wa pili alikuwa na miezi saba. Mdogo wangu alikuwa anaagwa, sendofu imebaki wiki tatu. Sare zimeshatoka, kitambaa kizuri kweli. Siku ya kujaribu gauni, zipu ikagoma katikati ya mgongo. Fundi akavuta, nami nikabana pumzi, wapi! Akasema kwa upole tu, "Mama, labda tuachie mshono hapa pembeni." Nikamwambia asiachie, nitapungua.

Wewe uliyezaa unaelewa. Tumbo bado lipo, watu wanakuuliza kama una mwingine, nguo zote za zamani zimekukataa. Si jambo la kucheka.

Kuna dada alikuwa anapita mtaani kwetu na chai ya kupunguza tumbo. Majani makavu kwenye mfuko wa nailoni, hayana jina wala maelezo. "Ni mitishamba tu, haina madhara." Nikanunua. Kikombe kimoja jioni, kingine kabla ya kulala. Asubuhi naenda chooni mara nne, tano. Siku ya tatu nikapanda kwenye mizani, kilo mbili zimeondoka. Yani nilifurahi mpaka nikaimba.

Sasa shetani wa haraka akanishika. Nikaongeza na vidonge vya kukojosha, vile wanavyopewa wagonjwa wa moyo na wa presha ili maji yapungue mwilini. Niliponunua hakuna aliyeniomba cheti cha daktari, na mimi sikusema kitu. Nilikuwa nanyonyesha, na bado nikavimeza.

Wiki ya kwanza, kilo nne. Wiki ya pili mambo yakaanza kubadilika. Usiku misuli ya miguu inakaza mpaka naamka nalia. Kupanda ngazi za kwetu na mtoto mgongoni, mapaja yanakuwa mazito kama nimebeba gunia. Maziwa yakapungua, mtoto akawa ananyonya huku analia. Nikajiambia ni uchovu, nani hachoki na mtoto wa miezi saba na zamu za usiku?

Halafu usiku mmoja nimelala chali, moyo ukaruka. Sijui nikuelezeje. Ushawahi kushuka ngazi gizani ukadhani bado kuna ngazi moja, kumbe zimeisha? Ule mshtuko. Kimya kidogo, halafu pigo moja zito kifuani. Nikaweka vidole kwenye kifundo cha mkono, nikahesabu kama ninavyowahesabu wagonjwa. Tu, tu, tu, kimya, TU. Tu, tu, kimya, TU. Mara tatu ndani ya dakika moja, halafu mara sita.

Mtu wa afya kabisa, nimeusikia moyo wangu mwenyewe umepotea mwendo, nikageuka upande wa pili nikalala.

Kesho yake jioni nilikuwa nambeba mwanangu kumpeleka kuoga. Moyo ukaanza kwenda mbio, lakini mbio za ovyo, hazina mpangilio. Macho yakaingia giza. Nilichoweza kufanya ni kuinama kuelekea kitandani. Mtoto aliangukia kwenye godoro, mimi nikaangukia sakafuni. Kama ingekuwa dakika mbili baadaye, ningekuwa nimesimama naye juu ya beseni la maji na sakafu ya saruji.

Baba watoto akatafuta bajaji. Njiani hakuuliza kitu. Alikuwa amemshika mtoto kwa mkono mmoja na mimi kwa mkono mwingine.

Itaendelea kesho. Lakini kama sasa hivi unakunywa kitu cha kukuharisha ili upungue, tafadhali usingoje kesho. Acha leo.


SEHEMU YA 2: "Mwanangu, siulizi ili nikucheke"

Nilipofika mapokezi wakanipima haraka. Wakanibandika waya za kipimo cha umeme wa moyo kifuani, karatasi ikaanza kutoka. Daktari kijana akaitazama, akaniangalia, akaitazama tena. Akachukua damu.

Akaniuliza, "Kuna dawa yoyote unatumia?"

Nikasema, "Hamna."

Ndiyo mama, nilidanganya. Mimi ambaye kila siku nawauliza wagonjwa swali hilohilo. Mume wangu yuko pale, wauguzi wenzangu wanasikia, nitasema nini? Kwamba nimekunywa majani ya kwenye nailoni kwa ajili ya zipu?

Majibu ya damu yakarudi. Potasiamu 2.4. Ya mtu mzima mwenye afya inakuwa kati ya 3.5 na 5.0. Ikishuka chini ya 2.5 tunaiita hali ya hatari. Daktari akawa anatafuta sababu. Figo? Tezi? Akaanza kuandika orodha ya vipimo. Na mimi nimelala pale, jibu ninalo mdomoni.

Kulikuwa na sista mmoja mzee wa kazi, karibu astaafu. Akamwambia baba watoto ampeleke mtoto nje apigwe na upepo. Akavuta pazia. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho sisi wauguzi tunakatazana, akanishika mkono. "Mwanangu, siulizi ili nikucheke. Nauliza ili nijue nipoteze muda wapi na nisipoteze wapi. Umekunywa nini?"

Nikalia, nikamwambia vyote.

Hakusema "na wewe ni muuguzi". Alinipangusa, akatoka, nikamsikia anamwambia daktari taratibu. Matibabu yakabadilika hapohapo, na vipimo vingine wala havikuhitajika tena.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinatokea, kwa Kiswahili cha jikoni.

Potasiamu ni madini, ni aina ya chumvi. Tunaipata kwenye chakula. Ndani ya mwili, karibu sehemu 98 kati ya 100 zinakaa ndani ya seli, yaani vile vijumba vidogo vinavyojenga misuli, moyo, ubongo, kila kitu. Kiasi kidogo sana kinatembea kwenye damu. Lakini hicho kidogo ndicho kinacholinda mizani kati ya ndani na nje ya seli, na mizani hiyo ndiyo umeme wa mwili.

Kila pigo la moyo lina sehemu mbili: kupiga na kupumzika. Seli ya moyo inapopiga, umeme unaingia. Ili ipumzike na kujiandaa kwa pigo linalofuata, potasiamu inatoka nje ya seli kwa mpangilio. Chukulia kikundi cha ngoma. Kuna mmoja anaongoza, wengine wanamfuata, na kila mmoja anajua muda wa kunyanyua mkono. Potasiamu ikipungua kwenye damu, mikono inachelewa kunyanyuka. Mmoja anapiga kabla ya zamu yake, mwingine anadakia. Mwanzoni unasikia pigo moja limeruka. Hali ikizidi, yanakuja mapigo mengi ya mfululizo yasiyofuata kiongozi. Na mwisho kabisa moyo unatetemeka tu, hausukumi damu. Hapo mtu anaanguka, na bila msaada wa dakika chache anakufa.

Kwenye ile karatasi ya kipimo, kila pigo linafuatwa na kilima. Kwa mtu mwenye potasiamu ndogo kilima hicho kinalala, na pembeni yake kinajitokeza kilima kingine kidogo. Ndicho daktari alichokuwa anakitazama mara mbili mbili.

Na mimi potasiamu yangu ilienda wapi? Kwanza chooni. Choo cha kuharisha kinabeba potasiamu nyingi. Pili kwenye mkojo. Vile vidonge vinaiambia figo itoe maji na chumvi, na potasiamu inaondoka nayo. Nilifungua milango miwili kwa pamoja. Kuhusu zile kilo nne, sehemu kubwa ilikuwa maji na madini. Mafuta ya tumboni yalibaki yametulia palepale yakinitazama.

Wakanirudishia potasiamu kwa dripu, polepole, saa baada ya saa, huku mashine inasoma moyo. Inachoma kwenye mshipa, jamani. Nikamwomba sista aharakishe iishe. Akakataa. Potasiamu inayoingia haraka inasimamisha moyo, na ndo maana haipigwi kabisa sindano ya moja kwa moja. Wakaongeza na magnesiamu, kwa sababu ikiwa hiyo nayo iko chini, potasiamu haikai, figo inaendelea kuimwaga. Asubuhi nilikuwa 3.1. Siku ya pili jioni 3.8, nikaruhusiwa.

Wapo wengine wanaohitaji kuwa macho kuliko mimi. Mama mjamzito anayetapika kila anachokula, siku nyingi. Mama aliyeugua moyo baada ya kujifungua na anatumia vidonge vya kukojosha. Bibi anayetumia vidonge hivyo kwa ajili ya presha, hasa akipata kuharisha juu yake. Na mgonjwa anayetumia digoksini ya moyo, maana potasiamu ikishuka, dawa hiyo inageuka kuwa sumu kirahisi. Hawa wasiache dawa zao, narudia, wasiache! Waulize tu kliniki, "Potasiamu yangu imepimwa lini?"

Kesho nitakuambia kuhusu mtoto. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuandika haya yote.


SEHEMU YA 3: Mtoto aliyedhaniwa amepona

Ilikuwa masika ya mwaka uliofuata. Unajua masika zinavyokuwa: vyoo vinafurika, visima vinaingiwa na maji machafu, wodi ya kuharisha inajaa mpaka watoto wawili kitanda kimoja. Nilikuwa zamu ya usiku. Kama saa nane hivi akaingia mama mdogo wa umri, na mama mkwe wake, na mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu amefungwa kwenye khanga.

Mtoto alikuwa ameharisha siku nne. Siku ya tano kuharisha kukakoma. Nyumbani wakafurahi. Bibi akasema tumbo limefunga, mtoto amepona, muacheni alale, amechoka. Akalala mchana kutwa. Jioni mama akajaribu kumnyonyesha, hakushika ziwa vizuri. Akamnyanyua, shingo ikaanguka nyuma kama ya mtoto mchanga. Tumbo lilikuwa limejaa na kukaza kama ngoma.

Mama, naomba hapa usome taratibu. Kuharisha kulikokoma hakukuwa kupona. Utumbo nao ni msuli. Potasiamu ikiisha, utumbo unalegea, unaacha kusukuma. Kinyesi na hewa vinabaki ndani, tumbo linavimba. Shingo inalegea, mikono na miguu inalegea. Nyumbani inaonekana ni usingizi. Kumbe misuli inazimika moja baada ya mwingine, na moyo pia ni msuli.

Nikaweka kifaa kifuani kwake nikasikiliza. Ule mwendo niliujua. Niliwahi kuuhesabu kwenye mkono wangu mwenyewe. Tu, tu, kimya, TU.

Nikamwita daktari. Tukaanza kumrudishia maji, tukachukua damu. Nikamuuliza mama, "Mmempa dawa gani nyumbani?"

Mama akamwangalia mama mkwe wake. "Hamna, sista. Maji tu, chai kidogo, na soda."

Nililijua lile "hamna". Nikamwomba bibi anisaidie kupeleka karatasi mapokezi. Alipotoka nikavuta pazia, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamwambia maneno niliyoambiwa mimi. "Mdogo wangu, siulizi ili nikucheke wala nikuseme. Mimi mwenyewe nimewahi kulazwa nikadanganya. Mtoto amepewa nini?"

Machozi yakamtoka. Walimpa dawa ya kusafisha tumbo. Mizizi ya kuchemsha, mara mbili, siku ya pili na siku ya tatu, ili uchafu wote utoke. Yeye hakutaka, lakini yeye ni mkwe, ataanzaje kubisha?

Kwa hiyo mtoto anayeharisha aliharishwa zaidi. Na kilichokuwa kinarudi mwilini kilikuwa maji matupu, chai na soda. Maji matupu hayana chumvi wala potasiamu. Soda ina sukari nyingi mno, na sukari hiyo inavuta maji zaidi kuingia kwenye utumbo, mtoto anaharisha zaidi. Siku nne za kutoa madini bila kurudisha.

Nilimweleza daktari. Potasiamu ya mtoto ilirudi 2.1.

Sisi hatukuwa wa kwanza kuligundua hili. Miaka ya 1940 daktari wa watoto wa Marekani, Daniel Darrow, alionyesha kwamba mtoto anayeharisha anapoteza potasiamu pamoja na maji na chumvi, na kwamba ukimrudishia maji ya chumvi peke yake umemwacha njiani. Alipoongeza potasiamu kwenye matibabu, vifo vya watoto vilipungua. Wauguzi wa zamani mtaikumbuka dripu iliyoitwa kwa jina lake, Darrow. Na ndiyo sababu hata ile pakiti ya ORS ya leo imewekewa potasiamu ndani.

Tulikesha na yule mtoto. Dripu yenye potasiamu, tone kwa tone, na kila baada ya muda mfupi naweka vidole kwenye paja lake kuhesabu. Mama yake hakulala. Bibi naye hakulala. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, rozari mkononi, na mimi sikumwambia neno lolote kuhusu mizizi. Alimpenda mjukuu wake. Alifanya alichofundishwa na mama yake.

Usiku wa pili, kama saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nabadilisha dripu ya mtoto wa kitanda cha jirani, nikasikia kilio. Kilio kikali, cha mtoto aliyekasirika. Nikageuka. Alikuwa amenyanyua shingo mwenyewe, anatafuta ziwa.

Nakuambia ukweli, si wote wanaonyanyua shingo. Nimewahi kufunga khanga ambazo nisingependa kuzifunga. Yule alifika tukiwa bado na muda. Angefika asubuhi, sijui.


SEHEMU YA 4: Cha kufanya, na lile gauni

Leo ni vitendo. Chukua kalamu, au hifadhi hii kwenye simu.

Mtoto akianza kuharisha, anza siku hiyohiyo, choo cha kwanza cha maji. Usisubiri macho yaingie ndani.

ORS. Ndani ya pakiti ya lita moja kuna chumvi gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, potasiamu kloridi gramu 1.5 na sitreti gramu 2.9. Mchanganyiko huu unatumika duniani tangu 2002. Kila kimoja kina kazi yake, glukosi haijawekwa kwa ajili ya utamu tu, ndiyo inayoifungulia chumvi mlango iingie mwilini na maji yafuate. Kwa hiyo usiongeze sukari, usiongeze maji, usipunguze maji. Soma pakiti yako, maana zipo za lita moja na zipo ndogo zaidi. Tumia maji safi yaliyochemshwa yakapoa, changanya kwenye chombo safi, funika. Ikifika saa 24 mwaga yaliyobaki, tengeneza mengine.

Kiasi gani? Mtoto chini ya miaka miwili, kila baada ya choo mpe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Wa miaka miwili na zaidi, mililita 100 hadi 200, nusu hadi kikombe kizima. Kijiko kwa kijiko, usimmiminie. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole zaidi.

Zinki. Omba pamoja na ORS. Mtoto wa miezi sita na kuendelea miligramu 20 kwa siku, chini ya miezi sita miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Hata akipona siku ya tatu, malizia siku zote.

Ziwa. Endelea kunyonyesha, tena zaidi ya kawaida. Anayekula, aendelee kula. Kumnyima mtoto chakula ili tumbo lipumzike ni kumwongezea shida.

Mmeniuliza sana kuhusu maji ya sukari na chumvi ya nyumbani. Yanasaidia pale ambapo ORS haipo na duka limefungwa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Lakini hayana potasiamu. Ni ya kukuvusha usiku, asubuhi tafuta ORS.

Na dafu? Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, lakini chumvi ya kawaida ni kidogo mno. Kwa hiyo dafu haliwezi kuchukua nafasi ya ORS. Mtoto anayekula anaweza kunywa kidogo pembeni, kama sehemu ya chakula chake.

Usimpe mtoto dawa ya kufunga tumbo. Usimpe dawa ya kusafisha tumbo, iwe ya kienyeji au ya dukani. Na potasiamu ya vidonge usimnunulie mtu yeyote mwenyewe. Ikizidi inasimamisha moyo sawasawa na ikipungua, hasa kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi vizuri.

Kimbia hospitali, usiku au mchana, ukiona haya: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, macho yameingia ndani, hajakojoa saa sita au zaidi, kuna damu kwenye choo, amepata degedege, au ni mchanga wa chini ya miezi miwili. Na ongeza haya mawili ambayo wengi hawayajui: shingo au viungo vimelegea, na tumbo limevimba na kukaza huku kuharisha kumekoma ghafla.

Kwa mtu mzima: moyo unaruka mapigo, unakwenda mbio bila mpangilio, unaona kizunguzungu au giza, misuli inakaza au imekuwa mizito isivyo kawaida, na umekuwa ukiharisha, ukitapika au unatumia vidonge vya kukojosha. Usiseme ni uchovu. Nenda ukapimwe damu na moyo. Si kila moyo unaoruka ni potasiamu, na mara nyingine ni jambo dogo tu, lakini huwezi kujua ukiwa umelala chali unahesabu.

Kwa siku za kawaida chakula chetu kinatosha kabisa. Mtu mzima anashauriwa apate walau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama 400. Maharage, mchicha, kisamvu, viazi vitamu, ndizi za kupika, parachichi, machungwa, papai, vyote vinayo. Mboga ukiichemsha kwenye maji mengi kisha ukayamwaga, umemwaga na potasiamu. Pika kwa maji kidogo, au tumia hayohayo kwa mchuzi. Ila mwenye ugonjwa wa figo asifuate aya hii, afuate alichoambiwa kliniki kwake.

Na la mwisho, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Ukifika hospitali ukaulizwa umetumia nini, sema. Sema chai, sema mizizi, sema vidonge vya jirani. Mama mkwe akiwa hapo na huwezi kusema, omba kuongea na muuguzi pembeni. Kama ni wewe mama mkwe unasoma, mwache mkwe wako aseme. Na ninyi wauguzi wenzangu mnaonisoma, tukiuliza swali hili tukiwa tumekunja uso mbele ya watu kumi, tunajua jibu litakuwa "hamna". Tuvute pazia kwanza.

Mmeniuliza gauni liliishaje. Nilitoka hospitali zimebaki siku nne za sendofu. Nilirudi kwa fundi, nikamwambia achia mshono. Akaachia vidole viwili kila upande, akatia na kipande cha kitambaa kwapani ambacho hakuna aliyekiona. Zipu ikapanda bila mimi kubana pumzi. Nilicheza na mdogo wangu nyimbo mbili, nikakaa, nikamnyonyesha mwanangu kwenye kona ya ukumbi. Maziwa yalikuwa yameanza kurudi. Nikaweka vidole kwenye kifundo cha mkono, mazoea ya kazi, nikahesabu dakika nzima.

Hayakuruka hata moja.

Pakiti mbili za ORS na zinki, mama. Kaziweke leo kwenye kabati, pale pale zilipo sukari na majani ya chai, pahala ambapo kila mtu wa nyumba anaweza kuziona. Na mwonyeshe bibi namna ya kuchanganya.

Ni mimi, muuguzi wenu. Usiku mwema.